Sifuri ya Berlin: Kuisoma Kazi ya Mtafiti Kupitia Marejeleo Yake

Kila mwaka wanafunzi wetu wanapoanza kuandika tasnifu huuliza swali lilelile: mtu anajuaje kwamba makala fulani ya kitaalamu yana uzito? Zamani tuliwajibu kwamba wasome, kisha wasome tena. Siku hizi jibu hilo haliwatoshi. Wanafungua simu, wanaandika jina la mwandishi, wanaangalia idadi ya mara alizorejelewa, kisha wanaamua papo hapo. Aliyerejelewa mara 2,000 ni bingwa, aliyerejelewa mara 12 ni mtu wa kawaida. Mmoja wao alinitafuta mimi mwenyewe akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, mbona huonekani?" Darasa lilicheka, nami nilicheka pamoja nao. Hata hivyo swali ni zuri, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile.

Mfano nitakaoutumia hautoki katika fani yetu. Unatoka katika tiba ya wagonjwa mahututi, nao unamhusu Profesa Théogène Twagirumugabe wa Chuo Kikuu cha Rwanda, daktari wa ganzi na usingizi ambaye jina lake limo katika makala kadhaa yaliyobadilisha namna madaktari wa dunia wanavyoufahamu ugonjwa mmoja. Msomaji asishangae kuona jarida la idara ya Kiswahili likiingia wodini. Jambo lenyewe, ukilichambua, ni la fasili, na fasili ni kazi yetu ya kila siku.

Tuanze na ugonjwa. Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa 12 ambao mapafu yao yaliharibika ghafla. Chanzo hakikuwa kimoja. Wengine walikuwa wameumia vibaya, wengine walikuwa na maambukizi. Lakini wote walifikia hali moja: mapafu yanavimba na kuvuja maji kwa ndani, hewa inaingia, ila oksijeni haipiti kwenda kwenye damu. Hali hiyo wataalamu huiita kwa kifupi ARDS. Kwa Kiswahili haijapata jina lililokubalika. Katika makala haya nitaiita kufeli kwa ghafla kwa mapafu.

Kwa kuwa chanzo ni vingi na hali ni moja, ilibidi pawe na fasili itakayowawezesha madaktari wa nchi mbalimbali kujua kwamba wanazungumzia kitu kilekile. Zilitungwa kadhaa. Iliyokuja kutumika zaidi ni ile iliyochapishwa mwaka 2012 na kuitwa Fasili ya Berlin, kwa jina la mji ambako wataalamu walikutana. Masharti yake ni haya: hali iwe imeanza ndani ya wiki moja tangu chanzo kujulikana, picha ya mapafu ionyeshe utando katika pande zote mbili, isiwe imetokana na moyo kushindwa kufanya kazi peke yake, oksijeni ipimwe kwa damu inayotolewa kwenye mshipa wa ateri, na wakati wa kipimo mgonjwa awe kwenye mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo lisilopungua sentimita 5 za maji. Fasili hiyo ilikumbuka hata wakazi wa milimani kama sisi: kwa mahali palipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari iliweka hesabu ya kurekebisha kipimo, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460, na Mahoko iko juu ya ziwa.

Kwa jicho la mwalimu wa leksikografia, hiyo ni fasili iliyotungwa vizuri. Ina kundi kuu, ina sifa bainifu, ina mpaka. Tatizo lake halionekani ukiisoma mezani. Linaonekana ukiipeleka mahali ambapo mashine ni chache na maabara ya damu ya ateri haipo au haifanyi kazi kila siku. Hapo fasili huacha kuuliza kama mgonjwa ana ugonjwa, ikaanza kuuliza kama hospitali ina vifaa.

Mwaka 2013, kwa muda wa wiki 6, timu ya watafiti ilimkagua kila mgonjwa mtu mzima aliyekuwa katika Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu ya Kigali, ile inayojulikana kwa wengi kama CHUK. Matokeo yalitoka Januari 2016 katika jarida la Marekani la tiba ya upumuaji na wagonjwa mahututi. Jina la kwanza ni la Elisabeth Riviello, daktari wa Boston. Twagirumugabe ni wa tatu katika majina 10. Waliolazwa na kukaguliwa walikuwa 1,046. Kwa Fasili ya Berlin, waliokuwa na kufeli kwa ghafla kwa mapafu walikuwa sifuri.

Msomaji, tafadhali simama kidogo hapo kwenye sifuri. Hospitali kubwa ya rufaa, wagonjwa zaidi ya elfu moja, wiki sita nzima, na ugonjwa unaoua watu duniani kote haupo! Angesoma takwimu hiyo mtu wa mbali, angesema Wanyarwanda wamebarikiwa mapafu ya chuma.

Timu ile iliirekebisha fasili katika mambo matatu. Kwanza, sharti la mashine liliondolewa. Pili, badala ya damu ya ateri walitumia kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho tangu miaka ya Korona hakuna asiyekijua. Tatu, utando wa mapafu ungeweza kuonekana ama kwa eksirei ama kwa altrasaundi, mashine ambayo katika hospitali nyingi za wilaya ipo kwa ajili ya akina mama wajawazito. Kwa marekebisho hayo, wagonjwa waliokuwa na ugonjwa walikuwa 42, yaani asilimia 4 ya waliokaguliwa. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 37. Waliopata kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi walikuwa 13. Waliokufa hospitalini walikuwa nusu kamili, 21.

Watu hao 42 walikuwepo muda wote. Walikohoa, walihema, walilazwa, wengine wakazikwa. Kilichokosekana ni neno lenye nafasi ya kuwaingiza.

Hesabu yenyewe si ngumu, na naieleza kwa sababu wanafunzi wetu wa lugha huogopa tarakimu bila sababu. Unachukua asilimia inayoonyeshwa kidoleni, unaigawa kwa kiwango cha oksijeni mgonjwa anachovuta. Mtu mwenye afya anayevuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, akionyesha 97, uwiano wake ni 97 kugawanya kwa 0.21, takriban 462. Mgonjwa anayepewa oksijeni ya asilimia 40 na bado anaonyesha 90, uwiano wake ni 225. Mpaka uliowekwa Kigali ni 315. Uwiano ukiwa 315 au chini yake, sharti la upungufu wa oksijeni limetimia. Muuguzi anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa simu yake. Kifaa hicho nacho kina dosari yake: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi upungufu wa oksijeni ulipita bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo hata fasili iliyorekebishwa kwa ajili yetu inategemea chombo ambacho hakikurekebishwa kwa ngozi zetu.

KUREJELEA SI KUNUKUU

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo na kuyafunga kwa alama. Kurejelea ni kumtaja mtu kuwa ndiye chanzo cha jambo, hata kama hukuchukua neno lake moja. Wanaohesabu huhesabu marejeleo. Aliyeanzisha hesabu hiyo kwa upana ni Mmarekani Eugene Garfield, aliyependekeza wazo lake mwaka 1955, na ambaye faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ilianza kuchapishwa katika miaka ya 1960. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kuufuata uzi: ukiwa na makala moja mkononi, ujue ni nani waliokuja baadaye wakayatumia. Baadaye uzi ule uligeuzwa kuwa mizani ya kuwapima watu, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akatoa kipimo kinachojulikana kama kielezo cha h. Mtafiti mwenye kielezo cha 10 ana makala 10 ambayo kila moja limerejelewa mara 10 au zaidi. Akiandika makala moja tu yakarejelewa mara 5,000, kielezo chake ni 1. Akiandika 40 yasiyorejelewa na mtu, ni sifuri.

Sitaandika hapa idadi ya marejeleo ya Profesa Twagirumugabe. Kila hazina ya data hutoa idadi yake, na zote zitakuwa zimebadilika kabla jarida hili halijatoka kiwandani. Naona kuna faida zaidi kuwafuata waliorejelea na kuangalia walitaka nini.

Mtu humrejelea mwenzake kwa sababu nyingi. Yuko anayetaja ili kuonyesha kwamba amesoma. Hawa ni wengi, na sisi walimu tunawajua kwa sababu ndio tunaowasahihisha. Yuko anayetaja ili kupinga. Yuko anayechukua mbinu. Na yuko, mara chache sana, anayebadilisha alichokuwa akikiamini.

Makala ya Kigali yamepata wote hao. Wapo wanaoyataja katika sentensi moja ya utangulizi kuthibitisha kwamba ugonjwa upo Afrika, kisha wakaendelea na safari yao. Wapo walioyajaribu: mwaka 2018 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuichukua fasili ya Kigali na kuipima kwa wagonjwa wao, katika hospitali isiyokosa kitu. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Kwa kawaida sisi ndio tunaopimwa kwa kipimo cha Ulaya, na hapo kipimo cha Kigali kilikuwa kimepanda ndege kwenda upande wa pili.

Halafu ikaja Korona. Mwaka 2020 hospitali za nchi tajiri zenyewe zilijikuta na wagonjwa wengi kuliko mashine. Wengi walitibiwa kwa oksijeni ya kasi inayopitishwa puani, bila mashine ya kusukuma hewa, na wengi walifuatiliwa kwa kifaa cha kidoleni. Kwa ghafla maswali ya CHUK yakawa maswali ya New York na Milano: huyu aliye mbele yangu, anayezama kwa kukosa pumzi, je, hana ugonjwa kwa kuwa tu hayuko kwenye mashine? Kuanzia Juni 2021 wataalamu 32 walianza kukutana kujadili fasili mpya. Ilitangazwa mwaka 2023 na kuchapishwa katika toleo la Januari 2024, kwa jina la fasili ya kimataifa. Ndani yake kipimo cha kidoleni kimekubaliwa kwa mpaka uleule wa 315, ila kwa sharti kwamba kisomeke 97 au chini yake, altrasaundi imekubaliwa, na limewekwa kundi maalumu la mahali penye uhaba wa vifaa, ambapo sharti la shinikizo la mashine halidaiwi. Katika orodha ya waandishi, baada ya jina la kwanza, majina yamepangwa kwa alfabeti, na humo mwishoni mwishoni, kwenye herufi T, yumo Twagirumugabe. Riviello naye yumo.

Hapa ndipo mizani inapoonyesha udhaifu wake waziwazi. Katika hesabu ya marejeleo, makala hayo ya mwaka 2024 yaliyoipokea fikra ya Kigali na kuiweka mikononi mwa madaktari wa dunia nzima yanahesabiwa kuwa rejeleo moja. Sentensi ya utangulizi ya mwanafunzi asiyesoma zaidi ya ikisiri nayo ni rejeleo moja. Tena kuna la ajabu zaidi. Kuanzia sasa daktari anayetaka kutaja mpaka wa 315 hataona haja ya kurudi 2016. Atataja fasili mpya, basi. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona jambo hili zamani: fikra ikishakubaliwa na wote, jina la mwenyewe huanza kufutika. Ni kama chumvi kwenye maharage. Ikikolea vizuri hakuna anayeitaja, hutajwa ikikosekana.

Nafasi ya jina katika orodha nayo ina lugha yake, ambayo sisi wa fasihi na isimu, tuliozoea kuandika mtu mmoja mmoja, huwa hatuijui. Katika makala ya tiba wa kwanza aghalabu ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye mkubwa aliyeisimamia, na wa katikati wamechangia kwa viwango mbalimbali. Katika makala ya Kigali, Twagirumugabe yuko karibu na mwanzo. Mwaka huohuo wa 2016, katika jarida la PLoS ONE, timu ilitoa kipimo cha kukadiria uwezekano wa mgonjwa mahututi kufariki, kilichotengenezwa kwa data ya Rwanda. Kinahitaji mambo matano tu: umri, kama kuna maambukizi, kama mgonjwa ameletwa kwa sababu ya shinikizo la damu kushuka mno, kiwango cha fahamu, na mapigo ya moyo. Yote matano yanapatikana kitandani, bila maabara. Huko jina lake ni la mwisho. Aidha ameandika na wataalamu wa Sweden kuhusu virusi vya homa ya ini vinavyopatikana kwa Wanyarwanda, somo lililo mbali na mashine za kupumulia. Kielezo cha h huchanganya yote hayo chunguni na kutoa namba moja, na namba hiyo haikuambii nani alikaa wodini usiku.

Na kuna tatizo la majina yetu. Hazina za data zimejengwa na watu wenye majina ya ukoo. Sisi Wanyarwanda, kama wasomaji wajuavyo, kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu watano wa tumbo moja wana majina matano tofauti, kisha kila mmoja ana la ubatizo au la Kiislamu. Mtu akiandika leo Twagirumugabe Théogène, kesho akaandika Théogène Twagirumugabe, keshokutwa mhariri akaacha alama za Kifaransa, kompyuta inaweza kuona watu wawili au watatu, na kazi za mtu mmoja zikagawanywa kama shamba la urithi. Wanafunzi wanaotarajia kuchapisha na wachague umbo moja la jina tangu makala ya kwanza, wasilibadilishe hata wakiolewa.

JINA LA MAHALI KUWA ISTILAHI

Nitoke nje ya njia kidogo. Ukanda wetu umechangia istilahi nyingi katika tiba, lakini karibu zote ni za maradhi. Ebola ni mto wa Kongo. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe. West Nile na Bundibugyo ziko Uganda, na homa ya Bonde la Ufa haihitaji maelezo. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lililoingia vitabuni baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya mahali petu katika sayansi ni kuugua. Kwa hiyo si jambo dogo kwamba neno "Kigali" limeingia katika vitabu vya tiba likiwa jina la njia ya kutambua, si jina la kinachoua. Na mwaka uleule wa 2016, mwezi Oktoba, nchi za dunia zilipatana mjini Kigali kupunguza gesi zinazotumika katika majokofu, na mapatano hayo nayo yakachukua jina la mji. Mwaka mmoja, Kigali mbili.

Wodini kwenyewe lugha yetu bado ina kazi. Kinyarwanda kina indembe, mtu aliyezidiwa. Kiswahili kina mahututi. Kenya husema chumba cha wagonjwa mahututi, Tanzania wengi husema chumba cha uangalizi maalumu. Hapa mpakani, ambako mgonjwa anaweza kuwa ametoka Goma na muuguzi ametoka Nyamagabe, Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowaunganisha, na tofauti hiyo ya maneno si ya mapambo. Mzee wa Mahoko akiambiwa kwamba mwanawe anapelekwa kwa mahututi, anasikia kwamba mtoto amekwisha, naye huenda akaanza kuulizia gari la kumrudisha nyumbani. Akiambiwa uangalizi maalumu, anakaa kwenye benchi na kusubiri. Mimi napendelea la pili, ingawa wenzangu wa istilahi watasema halina ukali wa kutosha.

Nirudi sasa kwa yule mwanafunzi na "huonekani" yake. Makala mengi ya Kiswahili, kuhusu ngeli, ushairi au tafsiri, yanasomwa na kurejelewa katika tasnifu zilizoandikwa Dar es Salaam, Eldoret, Bujumbura na kwetu. Sehemu kubwa ya tasnifu hizo iko rafuni, kwenye karatasi, wala hakuna kompyuta iliyowahi kuzihesabu. Majarida yenyewe mengi hayamo katika hazina kubwa zinazotumiwa kutoa namba. Hivyo mhadhiri wa Kiswahili aliyefundisha kizazi kizima namna ya kuchanganua sentensi anaweza kuonyesha sifuri mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, na kamati ikaamini, kwa kuwa sifuri nayo ni tarakimu na tarakimu zina heshima yake. Hiyo ni sifuri ya Berlin: kifaa hakikufika, ikasemwa kitu hakipo. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda kisheria. Hadhi hiyo haijakifikisha katika hazina za marejeleo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila sifuri imeficha wagonjwa 42. Tuko tulio na sifuri kwa sababu hatukuandika, au tuliandika kitu ambacho mtu hawezi kukitumia hata akitaka. Na naomba tuangalie walivyofanya wenzetu wa CHUK. Wangeweza kuandika makala ya malalamiko kuhusu wataalamu wa Berlin kutokuijua Afrika, wakashangiliwa kwenye kongamano, wakala chakula cha mchana wakarudi nyumbani. Badala yake walipita kitanda kwa kitanda wiki sita, wakahesabu, kisha wakaweka mezani mpaka ambao mwingine angeweza kuupima na kuukosoa. Watu wa bonde la Sebeya tunaijua nguvu ya orodha. Baada ya mafuriko ya usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao wa magharibi huku, jambo lililoulizwa na kila aliyebaki bila nyumba, baada ya kuwatafuta watu wake, lilikuwa kama jina lake limeandikwa.

Basi pendekezo langu kwa idara ni hili. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, badala ya zoezi la kawaida la mapitio ya maandishi, wazipitie tasnifu za Kiswahili zilizomo katika maktaba yetu, kila mmoja tasnifu kumi. Kwa kila rejeleo waandike nani ametajwa, kazi gani, mwaka gani, na ametajwa kwa nini: kwa kupita tu, kwa kupingwa, kwa mbinu yake, au kwa kuwa mwandishi alibadili msimamo kwa ajili yake. Safu hiyo ya nne ndiyo ngumu, kwa sababu haiwezi kujazwa bila kusoma, na ndiyo itakayopewa nusu ya alama. Kazi za waandishi walioandika majina yao kwa maumbo mawili zitaunganishwa kwa mkono. Wenzetu wa vyuo jirani, hasa wa Goma na Bukavu, wakitaka kufanya hivyo katika maktaba zao, nitawapelekea fomu. Nimeitayarisha katika ukurasa mmoja, na nakala ziko kwenye ofisi ya idara.